Mtu wa Skrini Kwenye Barabara ya Minara

Kazini kwetu Kisarawe si wilaya. Ni kundi la nukta za kijani pembeni mwa skrini kubwa ya ukutani, na kila nukta ina jina la herufi na tarakimu ambalo hata mzaliwa wa huko hawezi kulitambua. Nukta ikiwa ya manjano, ujue umeme wa TANESCO umekatika na mnara unakula betri. Ikiwa nyekundu, mnara umelala, na mimi nina dakika chache za kufungua tiketi, kumpigia mkandarasi na kuandika kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa kwamba "timu ipo njiani", hata kama timu yenyewe ndiyo kwanza inatafuta viatu.

Mimi ni mwangalizi wa mtandao katika kampuni ya simu jijini Dar es Salaam, kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu bado inanilipa mshahara. Tunafanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, Idi na Krismasi. Chumba chetu kina baridi kiasi kwamba Januari, mji mzima ukichuruzika jasho, sisi tumevaa sweta. Bima ya afya ni nzuri. Mashine ya kahawa inaheshimiwa kuliko baadhi ya mameneja. Vikao huanza kwa Kiswahili, na mtu wa fedha akiingia tu vinahamia kwenye Kiingereza. Kila robo ya mwaka yanakuja malengo mapya, na kila baada ya muda unatumwa mchoro mpya wa uongozi, ambao sote tunausoma kimyakimya tukitafuta kisanduku chenye jina letu.

Mtaani mambo ni mengine. Kwa ndugu zangu, mimi ndiye kampuni. Shangazi akituma hela kwa namba iliyokosewa, ananipigia mimi. Bando likiisha kabla ya siku zake, naulizwa mimi kwa nini "tunawaibia". Binamu yangu alipopata ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma kweli, kisha akaniuliza kama siwezi kumtafuta mwizi kwenye hiyo skrini yangu. Siwezi. Kwenye skrini yangu hakuna watu. Kuna minara, na hata hiyo minara si yetu.

Hilo la mwisho wengi hawaliamini. Mwaka 2010 Tigo iliiuzia Helios Towers minara yake zaidi ya 1,000. Vodacom ikafuata mwaka 2013 kwa idadi inayokaribiana na hiyo, na mwaka 2021 Airtel ikatangaza kuuza minara yake ipatayo 1,400 kwa kampuni ambayo mbia wake mkubwa ni SBA ya Marekani. Kwa hiyo kampuni ya simu, kwa sehemu kubwa, siku hizi ni mpangaji: inakodi nafasi juu ya mnara, inatundika antena zake, inalipa kodi. Mwenye mnara naye anaweka mkandarasi wa matengenezo, mkandarasi anachukua mafundi wa mkataba mfupi, na ulinzi unapewa kampuni nyingine tena. Waajiriwa halisi wa kampuni ya simu huhesabika kwa mamia, ilhali mawakala peke yao ni makumi ya maelfu. Nilipoambiwa nifuatane na timu ya ukaguzi wa saiti za Kibaha na Kisarawe, nilikubali kabla bosi hajamaliza sentensi. Miaka yote nimekuwa nikiwaandika watu hawa kwenye kundi la wakubwa, nilitaka kuwaona.

Tulitoka alfajiri. Upande wa kuingia mjini foleni ilikuwa imekwisha kujipanga toka Mbezi, sisi tuliokuwa tukitoka tukapita kama wageni wa serikali. Ndani ya gari tulikuwa dereva, mafundi wawili na mimi, na kadi ya kampuni ilikuwa shingoni mwangu peke yangu. Fundi mkubwa, hata hivyo, ndiye aliyeonekana mtu wa kampuni: amevaa reflekta iliyopauka yenye nembo yetu mgongoni. Alipewa na mkandarasi aliyekuwa na kazi hiyo zamani. Mkandarasi akaondoka, akaja mwingine, akaja mwingine tena, reflekta ikabaki. Kaka huyu yupo kwenye minara tangu enzi za Celtel. Amebadilisha waajiri mara nyingi bila kubadilisha minara.

Barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ni starehe kwa dereva. Kwetu sisi wa mtandao kupanuliwa kwake kulikuwa kilio. Mkongo umelazwa ardhini pembeni ya barabara, na kijiko kinapochimba mtaro, mwendeshaji akiona waya mweusi anadhani mzizi. Fundi mdogo alinionyesha karibu na Kiluvya mahali alipokesha: wanafukua ncha mbili, wanapiga hema dogo kuzuia vumbi, halafu mtu anakaa chini na kuunganisha uzi mmoja mmoja wa kioo kwa mashine ya kuyeyusha, huku simu yake ikiita kila baada ya dakika tano. Aliyekuwa akipiga ni mtu wa zamu kwetu, na aliyekuwa akimsukuma mtu wa zamu ni mkubwa mmoja aliyekuwa amelala kwake.

Mkato mkubwa kuliko yote ninaoukumbuka haukutokea barabarani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikaanguka. Ilikuwa siku ya ajabu kazini. Nukta zote zilikuwa za kijani. Minara mizima, umeme upo, watu wanapigiana simu vizuri tu kuulizana kwa nini WhatsApp haifunguki. Tulikuwa tumekaa mbele ya skrini inayosema kila kitu kiko sawa. Fundi mkubwa anaikumbuka siku hiyo kwa namna yake: walipigiwa simu waende kukagua minara isiyokuwa na tatizo lolote, kwa sababu kuna mtu juu huko alitaka kuona magari yametoka.

Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ingawa abiria wengi wa mabasi ya bara huijua kwa dirishani tu, pale Maili Moja, wauza korosho wanaponyanyua vifuko vyao. Stendi kulikuwa na kijana chini ya mwavuli wa kampuni, kiti cha plastiki, kifaa cha alama za vidole mkononi. Alianza kazi hiyo kwenye ile kashkash ya kusajili laini upya, iliyoanza Mei 2019 na kusogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, watu wakiwa na namba ya NIDA mkononi na hofu ya kufungiwa moyoni. Wakati ule, anasema, alikuwa hali chakula cha mchana kwa wingi wa watu. Leo analipwa kwa laini, na laini akiisajili ikakaa bila kuwekewa vocha, hesabu yake inafutwa. Mwavuli, fulana, kofia, vyote vina nembo. Mkataba hana. Nilipomwambia ninakofanya kazi alisimama na kunifutia kiti.

Saiti yetu ya kwanza ilikuwa Picha ya Ndege, katikati ya nyumba za watu. Huko ndiko nilikoelewa kwamba mnara una jirani. Mwenye kiwanja, mama wa makamo aliyetukaribisha chai ya maziwa, anapokea kodi ya ardhi kutoka kwa wenye mnara, na hakuficha: "Huyu ndiye amenisomeshea watoto." Jirani yake aliyekuwa akitusikiliza kwenye ukuta hakupendezwa. Alitaka kujua mionzi ya kitu hicho inamfanya nini, na kabla hajajibiwa akauliza tena mbona mtandao chumbani kwake ni hafifu. Fundi mkubwa ameyazoea hayo. Alimweleza kwamba antena zinatazama mbali, hazitazami chini, ndiyo maana anayelala mguuni mwa mnara hapati raha anayoipata mtu aliye mbele kidogo. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mngekodi kwangu."

Fundi mdogo alijifunzia umeme hapo hapo Kibaha, kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Tulipopita Tumbi alituonyesha majengo kwa fahari. Shirika hilo lilizaliwa na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nodiki: Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilizojenga shule, kituo cha afya na mafunzo ya kilimo mahali pamoja, kisha mwezi Januari 1970 zikakabidhi kila kitu kwa serikali na kuondoka. Nilimuuliza kama alipata cheti. Anacho, kipo nyumbani kwao kwenye fremu. Mkandarasi hakuwahi kukiuliza. Alichouliza ni kama anaogopa kimo.

Mlandizi tulikula ugali na kambale, haraka haraka, halafu tukaenda kutupa jicho Kwala. Kwa miaka mingi Kwala ilikuwa nukta isiyosumbua mtu. Sasa kuna barabara ya zege kutoka Vigwaza, kuna bandari kavu iliyozinduliwa mwishoni mwa Julai 2025, kuna viwanda vinapanda, na kuna madereva wa malori wanaosubiri zamu zao wakiangalia video. Mnara uliojengwa kwa ajili ya kijiji umebebeshwa mji. Tuliandika tulichotakiwa kuandika, tukageuza.

Kutoka Mlandizi kwenda kusini ndipo lami inapokuaga. Barabara ya Mzenga hadi Maneromango ni ya vumbi jekundu kiangazi na ya kuombea dua masika. Unavuka reli ya kisasa, ile ya treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria wa Morogoro Juni 2024 na ambayo ilituletea aina mpya ya malalamiko: mtu anakwenda kilomita 160 kwa saa, simu inakatika Soga, anatulaumu sisi. Mbele yake, Mzenga, ipo stesheni ya TAZARA, ambako hakuna anayelaumu kasi. Mikorosho, mihogo, nyumba moja, nusu saa ya vichaka, nyumba mbili. Kisha unaona taa nyekundu juu ya miti, na chini yake mlango wa wavu.

Nataka nikae kidogo kwenye saiti hii.

Mlinzi alikuwa mzee wa Kizaramo mwenye kofia ya sare na kandambili. Nje ya uzio alikuwa amepanda mihogo na matembele. Ndani hapandi, masharti yanakataza. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kadi.

"Binti, wewe wa makao makuu?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Andika jina."

Alinipa daftari la kaunta lenye jalada gumu, kurasa zimechorwa kwa rula: tarehe, saa, jina, sababu ya kuja. Nikaandika. Kisha nikaanza kufunua nyuma, na sikuweza kuacha. Mzee huandika kila kitu. Saa nane usiku umeme umekatika. Saa kumi na moja umerudi. Upepo mkali, mabati ya jirani yamenyanyuka. Vijana wawili wasiojulikana wamepita na dumu tupu, nimewamulika tochi, wameondoka. Nilifungua kompyuta yangu nikalinganisha tarehe: mikato ya umeme ilikuwa ile ile, kwa dakika zinazokaribiana. Ila daftari lilikuwa na mambo ambayo mfumo wetu hauna mahali pa kuyaweka. Usiku mmoja ameandika: "Jenereta limezima. Mafuta hakuna. Nimepiga namba ya kwanza haipokelewi. Nimepiga ya pili, wamesema watakuja." Mstari unaofuata una tarehe ya kesho yake, saa tisa alasiri: "Wamekuja." Kwenye mfumo wetu usiku ule una mistari mingi, kila nusu saa taarifa mpya, na zote zinasema timu ipo njiani.

Fundi mkubwa alikuwa amekwisha kuvaa mkanda. Kazi ilikuwa ya sahani. Minara ya vijijini hupokezana mawasiliano kwa masahani yanayotazamana, mmoja kwa mwingine, mpaka kufika mnara wenye mkongo. Upepo ulikuwa umeisukuma sahani hii kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, lakini kwa mwenzake aliye kilomita nyingi huko tofauti hiyo ni kubwa, na mnara wa katikati ukilala, yote iliyo nyuma yake inalala hata kama ni mizima. Alipanda mita 45 kwa utulivu, akibadilisha ndoano mbili za mkanda, moja haifunguliwi mpaka nyingine ifungwe. Mdogo alibaki chini, maana sheria ni kwamba hapandi mtu bila mwenzake wa kumwangalia. Kazi yangu ilikuwa kusoma namba kwenye kompyuta na kupiga kelele.

"Imepanda!"

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Endelea. Endelea... Imeshuka! Rudi!"

Robo ya mzunguko wa nati moja. Akarudisha nusu ya hiyo robo. Namba ikapanda, ikatulia. Nimeziona namba hizo maelfu ya mara zikiwa "zimeboreshwa" kwenye ripoti. Zinaboreshwa na mtu aliyebana spana kwa mkono mmoja huku mwingine umekumbatia chuma cha moto wa jua la mchana.

Wakati akishuka, mdogo alijaza fomu ya ukaguzi kwenye simu. Uzio: mzima. Nyasi: zimekatwa. Kufuli: lipo. Mlinzi: yupo. Taa ya juu: inawaka. Mlinzi yumo kwenye orodha kati ya kufuli na taa, na kama kufuli, anatakiwa kupigwa picha. Mzee alijua utaratibu. Alivua kandambili, akavaa buti zilizokuwa ndani ya kibanda, akasimama wima mbele ya lango. Picha ilipokubali alirudi kwenye kandambili zake.

Ndipo akaniuliza alichokuwa akikisubiri. Mshahara wake wa mwezi uliopita ulikuwa haujaingia. Msimamizi wa ulinzi anasema hawajalipwa na aliyewapa kazi. "Sasa wewe wa makao makuu niambie. Bosi wangu nani?"

Nilijitahidi. Nikamwambia kuna kampuni ya ulinzi, juu yake mkandarasi, juu yake mwenye mnara, halafu sisi tuliokodi. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo wewe mpangaji," akasema, "na mimi nalinda nyumba ya mtu mwingine."

Sikuwa na la kuongeza. Nilichukua namba ya msimamizi, nikampa na yangu. Kwa rekodi tu: mshahara wanaomcheleweshea haufiki bei ya simu niliyopewa kazini, ile ambayo nililalamika kwamba ni ya toleo la mwaka juzi.

Maneromango tuliingia jioni. Ni mji mdogo wenye historia ndefu kuliko ukubwa wake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walikuwa hapa tangu miaka ya 1890. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye ukuta wa duka moja karibu na soko. Kampuni za simu hupaka maduka rangi bure ili mwenye duka apate ukuta mpya nazo zipate tangazo, na ukuta huu umepakwa na kila moja. Palipobanduka bluu unaona nyekundu, palipobanduka nyekundu unaona rangi ambayo fundi mkubwa aliigusa kwa kidole akasema, "Hii Celtel hii." Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Mobitel ya miaka ya 1990 ikaja kuwa Tigo, na mwishoni mwa 2024 Tigo ikawa Yas. Mwenye duka yule yule.

Mwenye duka sasa ni wakala wa mitandao yote, simu zake zimepangwa mezani kwa mstari. Dada huyu alinipa somo ambalo hakuna kikao kilichowahi kunipa. Sisi ofisini tunapima upatikanaji wa mtandao kwa asilimia yenye nukta na tarakimu mbili mbele yake. Yeye anasema mtandao siku hizi haumsumbui sana. Kinachomsumbua ni hela taslimu. Siku ya malipo ya TASAF kina mama wanatoka vijiji vya ndani tangu asubuhi, wote wanataka kutoa, hakuna anayeweka. Saa nne droo ni tupu. Inabidi apande bodaboda hadi Kisarawe akatafute noti, na nauli inakula kamisheni. Anakumbuka pia Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza: wiki nzima watu walipita mbele ya duka wakimsalimia bila kuingia. Kwenye skrini yetu, Maneromango wiki ile ilikuwa ya kijani.

Kwenye benchi la duka alikuwepo mwalimu mstaafu. Aliposikia natoka kampuni ya simu alijisogeza. Mwaka 2017, Vodacom ilipouza hisa zake kwa wananchi kwa shilingi 850, alinunua. "Kwa hiyo mimi ni mwenye kampuni," akasema, "na wewe ni kibarua." Sikumwambia kama ndiyo kampuni yangu au siyo. Aliendelea kunihoji kwa haki zote za mwenye mali: mbona huko Vikumburu na Mafizi watu bado wanatafuta kilima cha kupigia simu? Nikamweleza kwamba kata za ndani hazirudishi gharama ya mnara, ndiyo maana upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaozipa kampuni ruzuku zijenge pasipolipa, na kwamba Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchi nzima. Mwalimu alikubali kwa kichwa, kisha akauliza swali la mwalimu: mnara ukishajengwa, mafuta yake na mlinzi wake nani analipa mwaka wa kumi?

Usiku umeme ulikatika. Tulikuwa gesti, kila mtu chumbani kwake, simu yangu ikaita. Mwenzangu wa zamu kutoka Dar: mnara wa Maneromango umegeuka manjano, je, najua lolote?

"Najua. Nimekaa gizani hapa."

"Aisee. Wakubwa wanauliza. Nimeandika timu ipo njiani."

Kuta za gesti ni nyembamba. Kutoka chumba cha pili sauti ya fundi mkubwa ilisema, "Timu ndiyo sisi, na tumelala." Umeme ulirudi wenyewe kabla ya alfajiri.

Njia ya kurudi inapita Msanga na Masaki, ukipishana na baiskeli na pikipiki zilizobeba mkaa wa kupikia Dar es Salaam, magunia yamemzidi mwenye chombo kimo. Kisarawe mjini kuna baridi ya vilima, miti ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, na Minaki, shule ambayo Waanglikana waliihamishia huku kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Saiti zilizobaki tulizimaliza upesi. Zote ziko karibu na lami, na saiti za karibu na lami hazina mambo mengi: wakaguzi hufika.

Tukiteremka kuelekea Pugu, dereva alionyesha njia ya shule alikofundisha Nyerere. Kila mtu anaijua hadithi hiyo, lakini ndani ya gari lile ilichukua sura nyingine, kwa sababu ni hadithi ya mtu kuacha kazi. Mwezi Machi 1955 alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akaandika barua ya kujiuzulu, akaondoka na mshahara ukabaki Pugu.

"Yeye alikuwa na chama," fundi mdogo akasema. "Mimi nikiacha nina nini?"

Kumbe lilikuwa jambo la siku hiyo hiyo. Mkataba wa mkandarasi wao ulikuwa unakaribia kwisha, na asubuhi ile fundi mkubwa alikuwa amepigiwa na kampuni inayotarajia kuichukua kazi. Wanataka atume wasifu wake, nakala ya cheti cha kupanda, picha mbili za pasipoti na barua ya maombi. Minara ni ile ile. Alikuwa akicheka, lakini aliniomba nimsaidie kuandika barua, na tuliiandika kwenye simu yangu kati ya Kisarawe na Pugu, gari likirukaruka. Tulipofika kwenye uzoefu wa kazi aliniambia niandike majina ya waajiri kwa mpangilio. Alianza kuyataja, akasahau mmoja, akarudi nyuma, akaniambia niandike tu "minara, Pwani".

Mdogo aliinama mbele kati ya viti. Alitaka kujua kama kampuni yetu, kampuni yenyewe, huwa inaajiri.

Nikamwambia nafasi hutangazwa kwenye tovuti, na kwa upande wa mtandao wanataka digrii.

"Ya kupanda?" akauliza.

Dereva alicheka mpaka Gongo la Mboto, ambako mafundi wote wawili walishuka na mikanda yao begani. Siku yao ya malipo huishia hapo. Mafuta ya kunifikisha mimi ofisini yamo kwenye hesabu nyingine.